Uzi: Kununua mitetea wa mayai Mwanza, na namna ya kuisoma bei ya muuzaji kwenye mizani

Mleta uzi (Buswelu, Ilemela)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Nimeona maswali mengi kuhusu mahali pa kupata mitetea wa mayai wanaokaribia kutaga, na karibu kila mara majibu huishia kwenye bei: huyu anauza shilingi 11,000, yule anauza 16,000, basi mnunuzi anakimbilia kwa yule wa kwanza. Mimi pia nilikimbilia huko. Naandika uzi huu ili mwenye nia ya kununua afahamu kwamba bei ya mtetea ni hesabu ya chakula alichokula tangu alipoanguliwa, na kwamba hesabu hiyo inaweza kukaguliwa kwa dakika chache kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Nilinunua mitetea 120 wa rangi ya kahawia kutoka kwa mfugaji mmoja wa nje ya jiji, kwa shilingi 11,000 kila mmoja, akinihakikishia kuwa wana wiki 17. Wengine kwa wakati huo walikuwa wakiuza kwa 16,000, kwa hiyo nilihesabu kwamba nimeokoa shilingi 600,000. Kuku wa kahawia wa mayai waliolelewa vizuri huanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 20. Wangu walianza wakiwa na wiki 25, kama tarehe niliyopewa ilikuwa ya kweli. Katika wiki 5 za ziada walikula wastani wa gramu 100 kila mmoja kwa siku, yaani kilo 12 kwa siku na kilo 420 kwa siku 35, na kwa bei niliyokuwa nikinunulia chakula, shilingi 1,300 kwa kilo, hiyo ni shilingi 546,000. Walikufa 9, ambao ni shilingi 99,000 nyingine. Faida yangu yote iliishia hapo, na bado sijataja mayai ambayo sikuyapata, wala mayai madogo ya miezi ya mwanzo ambayo wenye maduka ya Nyakato walikataa kuyapokea kwa bei ya trei ya kawaida.

Niliwapima wiki moja baada ya kuwaleta, wakati ambapo kupima hakukuwa na msaada tena. Wastani wao ulikuwa kilo 1.05. Kuku wa aina hiyo mwenye wiki 17 anapaswa kukaribia kilo 1.4.

Sasa tuifanye hesabu ya upande wa muuzaji, kwa bei nilizokuwa nikilipa mimi. Kila mmoja aweke bei za siku yake. Kifaranga wa siku moja, 3,000. Chakula hadi wiki 17 au 18 ni takriban kilo 7, yaani 9,100. Chanjo na dawa, 700. Mkaa wa kuwapa joto vifaranga, maranda na maji, 600. Ujira wa mhudumu, 600. Jumla ni 14,000. Wakifa 4 katika kila 100, gharama yao inabebwa na 96 waliobaki, hivyo kila mmoja anafikia karibu 14,600. Anayeuza kwa 16,000 anabakiwa na shilingi 1,400 kwa kazi ya miezi minne, na sioni kama huyo ni mlanguzi. Anayeuza kwa 11,000 ana pengo la shilingi 3,600, na pengo hilo ni sawa na karibu kilo tatu za chakula. Haiwezekani alikopa ili kunifurahisha mimi. Kuku hawakupewa kilo hizo, au walipewa pumba za mahindi tupu mahali pa chakula kamili.

Kwa hiyo pimeni kabla ya kulipa. Mizani ya mshale inayotumika kupimia samaki kule Mwaloni haitoshi, kwa sababu nyingi husoma kwa gramu 100, na hatua hiyo ni kubwa mno kwa tofauti tunayoitafuta. Tafuteni mizani ndogo ya kidijitali ya kuning'iniza. Katika kila kuku 100 pimeni angalau 10, mmoja mmoja, mkiwachagua ninyi wenyewe kutoka pembe zote za banda. Wanaosogelea mlango ndio wenye nguvu, na wanaojificha nyuma ya vilishio ndio wenye habari. Msiwapime kumi kwa pamoja ndani ya tenga kisha mkagawanya, kwa kuwa wastani unaweza kupendeza huku nusu ya kundi ikiwa imedumaa. Mkishapata wastani, hesabuni ni wangapi wamo ndani ya asilimia 10 juu na asilimia 10 chini yake. Kundi zuri huwa na 8 kati ya 10 au zaidi ndani ya mipaka hiyo. Likipungua hapo, ujue kulikuwa na vilishio vichache, au ugonjwa ulipita, au umri umechanganywa.

Nakaribisha maswali na masahihisho.

Mchangiaji 1 (Nansio, Ukerewe)

Ahsante sana, kaka, kwa kutufungulia daftari lako. Mimi ni mama ninayetaka kuanza na mitetea 100, nao watasafiri kwa feri kutoka Mwanza mjini. Muuzaji ananitajia shilingi 15,500 na kusema wana wiki 17, lakini anataka nitume nusu ya fedha kwa simu ndipo awatenge. Nikifika kwake, zaidi ya kupima, nitazame nini? Na nitajuaje kwamba si kuku waliokwisha kutaga kwa mwenzake, wanaorudishwa sokoni kama mitetea?

Mleta uzi

Dada yangu, anza na swali la mwisho kwa sababu hasara yake ndiyo kubwa kuliko zote. Kuku wa mayai anapotaga kwa miezi mingi, rangi ya njano hutoka mwilini mwake kidogo kidogo na kuingia kwenye viini vya mayai: hutangulia kufifia kandokando ya tundu la kutagia, kisha mdomo, na mwisho miguu. Ukimkuta anayeitwa mtetea ana miguu iliyopauka, magamba makavu, manyoya ya shingo na mkia yaliyolika na tundu la kutagia lililo pana na lenye unyevu, huyo amekwisha kuwatajirisha wengine. Mtetea wa kweli huwa na manyoya mapya yanayong'aa. Tahadhari moja ni kwamba miguu hupauka pia kwa kuku aliyekula chakula kisicho na mahindi ya njano, na mahindi yetu mengi ni meupe, kwa hiyo usihukumu kwa miguu peke yake.

Kuhusu umri, mwombe risiti ya kituo alikonunua vifaranga, uhesabu wiki kuanzia tarehe iliyoandikwa humo. Kisha mshike kuku umguse mifupa miwili ya nyonga iliyo chini ya mkia. Kwa mtetea aliye mbali na kutaga, kidole kimoja tu hupita katikati ya mifupa hiyo. Anayekaribia hupitisha viwili, na anayetaga hupitisha vitatu. Upanga wa kichwani na ndevu huanza kukua na kuiva wekundu wiki mbili au tatu hivi kabla ya yai la kwanza. Ukiambiwa wiki 17 na kundi zima likawa na panga ndogo zilizopauka, basi ama umri umeongezwa, ama kuku wamedumaa, na mizani haitakuambia ni lipi kati ya hayo mawili. Risiti ndiyo itakayokuambia.

Papasa mfupa wa kidari pia. Ukiwa mkali kama kisu na hauna nyama pande zote mbili, kuku huyo alishinda na njaa. Ukiwa umepinda kama herufi S, alikosa chokaa au madini mengine ya mifupa alipokuwa akikua, na upungufu huo haurekebishiki tena.

Kuhusu kutuma nusu ya fedha: kama ni lazima, tuma kiasi kidogo ambacho kikipotea hutaacha biashara, na mwandikiane hata kwa ujumbe wa simu kwamba salio litalipwa baada ya kupima, na kwamba kuku wa chini ya uzito mliokubaliana utawaacha. Muuzaji anayeijua kazi yake hatakasirika.

Mchangiaji 2 (mlezi wa mitetea, Kisesa)

Naomba kusema kwa niaba ya sisi tunaolea mitetea na kuwauza, kwa sababu uzi huu ni mzuri lakini una jambo moja linaloweza kutuumiza bila kosa.

Mleta uzi anasema mnunuzi achague kuku kutoka pembe zote za banda. Mimi simruhusu mnunuzi kuingia bandani, na sitamruhusu. Mtu huyo huyo asubuhi alikuwa Igoma kwenye banda lenye kideri (ugonjwa wa virusi unaoua kuku kwa wingi), mchana yuko Kisesa kwangu na viatu vile vile. Virusi vya kideri havihitaji kuku mgonjwa ili visafiri. Kinyesi kilichoganda kwenye soli kinatosha. Nikipoteza kundi la mitetea 800 wa wiki 15, hakuna mnunuzi atakayenichangia. Kwa hiyo mtu akikatazwa kuingia, asidhani amefichwa kitu.

Ninachofanya ni hiki: nina mabuti yangu langoni na beseni la dawa ya kuua vimelea, na msaidizi wangu huingia na tenga mnunuzi akiwa dirishani, akimwelekeza: mchukue yule, na yule wa nyuma ya chombo cha maji. Tunapima nje, kivulini. Wale waliotolewa hawarudi ndani tena. Wanakwenda kwa mnunuzi au kwenye kibanda cha pembeni.

Na kuhusu bei, wanunuzi mtusaidie jambo moja. Mnapotoa oda ya mitetea miezi minne kabla kisha mkapotea kuku wanapofika wiki 18, sisi tunaendelea kuwalisha kila siku, na ndipo wengine wetu hulazimika kuuza kwa bei ya hasara ili tununue chakula cha waliobaki. Bei ya chini mara nyingine ni ya mtu aliyekwama na si ya mtu mwongo.

Mleta uzi

Ndugu wa Kisesa, nakubali nilikosea, na anayeufuata uzi huu achukue utaratibu wake badala ya ule nilioueleza. Kuchagulia dirishani kunatimiza haja yangu yote. Hata hili la muuzaji aliyekwama ni kweli, na ndiyo maana naiamini mizani kuliko bei: kuku wa mtu aliyekwama watakuwa na uzito wao kamili, na hapo mnunuzi amepata heri bila kumdhulumu mtu.

Ningeongeza tu kwamba kuku wakifika wiki 18 na kuendelea, muuzaji awalishe kama wanaokaribia kutaga, kwa sababu wanahitaji kuweka chokaa mifupani kabla ya yai la kwanza. Mnunuzi aulize: wanakula nini leo, na tangu lini?

Mchangiaji 3 (afisa mifugo, Misungwi)

Salamu kwenu. Nizungumzie chanjo, kwa kuwa ndipo wauzaji wengi hujibu kwa neno moja, "wamechanjwa", na wanunuzi hutosheka nalo.

Mtetea wa wiki 17 anapaswa kuwa amepata chanjo ya mahepe (ugonjwa wa Marek, unaopoozesha kuku) siku ya kwanza kwenye kituo cha kutotolesha, kideri kuanzia wiki ya kwanza na kurudiwa, Gumboro (ugonjwa wa virusi unaodhoofisha kinga ya kuku wadogo) mara mbili katika mwezi wa kwanza, na ndui katika wiki ya 6 hadi ya 10 kufuatana na eneo. Kideri hurudiwa tena kabla ya kutaga, na baadaye kila miezi mitatu. Ombeni daftari lenye tarehe, siyo maelezo ya mdomo. Daftari lililoandikwa lote kwa kalamu moja na mwandiko wa siku moja, bila doa la vumbi wala la maji, lina maelezo yake. Anayetunza kumbukumbu kwa kweli huwa ameandika na vifo, kwa sababu hakuna kundi lisilo na vifo kabisa.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi hapa mjini ni chanjo ya maji iliyochanganywa na maji ya bomba. Klorini inayotusaidia sisi binadamu ndiyo inayoua virusi hai vilivyo kwenye chanjo, na kuku wanakunywa maji matupu huku mwenye banda akiandika daftarini kwa moyo safi kwamba amechanja. Atumie maji ya mvua au ya kisima yaliyo safi. Kama ni ya bomba, ayeyushe kwanza maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hadi 2.5 kwa lita, ndipo aweke chanjo. Kuku wakae bila maji saa moja hadi mbili kabla, ili wote wanywe kwa haraka. Kwa hiyo mnunuzi asiulize tu kama walichanjwa, aulize pia walichanjwa kwa maji gani. Mwenye kujua atajibu papo hapo.

Mwende jioni, banda likitulia. Simameni nje kimya kwa dakika kumi. Kuku wenye shida ya njia ya hewa hamtawasikia mchana kwa sababu ya kelele, lakini wakilala mtasikia mkoromo na chafya. Kinyesi chenye damu au cha rangi ya ugoro kwenye maranda ni dalili ya kuhara damu, na harufu ya mkojo inayowasha macho ina maana maranda hayabadilishwi. Akifa kuku bila sababu inayoonekana, mpelekeni akapasuliwe kwenye kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari hapo Mwanza kabla ya kununua dawa dukani kwa kubahatisha.

Mchangiaji 4 (Sengerema)

Naomba kuuliza kuhusu chakula. Huku tunachanganya wenyewe: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, mashudu ya pamba, dagaa na konokono wa ziwani waliosagwa. Je, mitetea waliolelewa kwa mchanganyiko wa nyumbani ni wa kuogopwa?

Mleta uzi

Hapana, ndugu yangu, wangu wa sasa walilelewa hivyo na wapo vizuri. Kuna mambo mawili ya kutazama kwenye ghala la muuzaji. La kwanza ni dagaa: wale waliokaushwa juu ya mchanga ufukweni hubeba mchanga mwingi, na muuzaji anayenunua kwa kilo anadhani anaongeza protini kumbe analisha mchanga. Wa kwenye chanja wana bei ya juu lakini ni chakula. Chukua konzi moja, utie kwenye glasi ya maji, ukoroge, kisha utazame chini ya glasi.

La pili ni mashudu ya pamba, ambayo kwa kuwa tumezungukwa na mikoa ya pamba hupatikana kwa urahisi. Yana sumu ya asili iitwayo gosipoli. Kwa kiasi kidogo mtetea huvumilia, lakini akianza kutaga ukaendelea nayo, viini vya mayai hugeuka rangi ya kijani chafu, hasa mayai yakikaa siku kadhaa, na mteja mmoja akivunja yai la namna hiyo atawaambia mtaa mzima. Mimi nimeyaacha kabisa kwa kuku wanaotaga.

Ukinunua mitetea wa mchanganyiko wa nyumbani, omba magunia mawili ya chakula kile kile uende nacho. Wape hicho siku za kwanza, kisha uchanganye na chako kwa juma zima. Kuku aliyesafirishwa akabadilishiwa na chakula siku hiyo hiyo hususia chombo.

Mchangiaji 1 (Nansio, Ukerewe)

Nimerejea, kaka na ndugu zangu wote. Nilikwenda jana jioni. Mwenye banda alinipokea vizuri, na alinionyesha risiti ya vifaranga inayotimiza wiki 17 na siku 2. Hakunikatalia kupima. Nilipima 12 kwa kuwachagua dirishani kama alivyosema ndugu wa Kisesa. Uzito wao kwa gramu ni huu: 1,420, 1,390, 1,180, 1,450, 1,360, 1,510, 1,150, 1,400, 1,330, 1,470, 1,120 na 1,380. Chanjo zimeandikwa, na vifo 11 vimeandikwa pia. Sijalipa chochote bado. Naombeni ushauri.

Mleta uzi

Dada, umefanya kazi ambayo mimi sikuifanya. Wastani wako ni gramu 1,347, na mipaka ya asilimia 10 ni 1,212 hadi 1,481. Walio ndani ni 8 kati ya 12, yaani asilimia 67, kwa hiyo kundi halilingani. Lakini angalia jinsi lilivyokosa kulingana. Kuku watatu wako kati ya 1,120 na 1,180, halafu hakuna hata mmoja hadi 1,330. Ukiwatoa watatu hao, tisa waliobaki wana wastani wa gramu 1,412, ambao ni uzito mzuri kabisa kwa wiki 17. Hilo halifanani na kundi lililonyimwa chakula, kwa sababu njaa ingewashusha wote. Linafanana na makundi mawili yaliyowekwa banda moja.

Mpigie simu, umuulize kwa upole kama kuna vifaranga aliowaongeza baadaye.

Mchangiaji 1 (Nansio, Ukerewe)

Nimempigia. Amesema ni kweli, aliongeza vifaranga 200 wiki tatu baada ya wale 600 wa kwanza, akawahamishia pamoja walipofika miezi miwili kwa sababu ya uhaba wa nafasi, na amenitajia tarehe ya risiti ya pili bila kusita. Tumekubaliana hivi: kila mmoja atapimwa nitakapokwenda kuwachukua, nitachukua wa gramu 1,250 na zaidi peke yao kwa shilingi 15,500, na walio chini atabaki nao. Nimemtumia 100,000 ya kuwashikilia. Feri ni ya Jumamosi asubuhi, matenga nimeazima kumi, tutaweka kuku kumi kumi.

Mchangiaji 2 (mlezi wa mitetea, Kisesa)

Kumi kwa tenga ni sawa ikiwa ni yale makubwa. Yakiwa madogo weka wanane. Wapakiwe kabla jua halijachomoza, wakae upande wa feri wenye upepo lakini wasipigwe na maji, na matenga yasirundikwe zaidi ya mawili. Wakifika, wape maji yenye glukosi na vitamini kwanza, chakula baada ya saa mbili. Kama una kuku wengine nyumbani, hata wa kienyeji, wageni wakae mbali nao wiki tatu, na uwahudumie wenyeji kabla ya wageni kila asubuhi.

Mleta uzi

Na usiwawashie taa za usiku mara tu wanapofika. Huku kwetu karibu na ikweta mchana ni saa 12 mwaka mzima, nao wamezoea hivyo. Subiri hadi wastani ufike kilo 1.5 hivi na uone mayai ya kwanza, kisha ongeza nusu saa kila wiki hadi zifike saa 15. Taa ikimtangulia uzito, kuku mdogo hutaga yai analoshindwa kulibeba, kizazi kinatokeza nje, na wenzake humdonoa hadi kufa. Katika wale 9 wangu waliokufa, 4 walikufa hivyo. Pima tena kumi na wawili baada ya wiki mbili, uniandikie namba hapa.